Gundi ya fibrini katika chumba cha upasuaji: tathmini ya muuguzi

Gundi ya fibrini huja ikiwa katika mabomba mawili ya sindano yaliyopangwa sambamba. Bomba la kwanza lina fibrinojeni, protini ya damu inayogeuka kuwa nyuzi za fibrini, iliyochujwa kutoka katika plazma (sehemu ya majimaji ya damu) ya wachangiaji damu, na la pili lina thrombini, kimeng'enya kinachoanzisha mgeuko huo, pamoja na kalsiamu. Mpini mmoja huyasukuma yote mawili, vimiminika vikakutana nchani, na kidonda kilichokuwa kikivuja damu kikafunikwa na utando mweupe bila kushonwa. Nimeiandaa na kumkabidhi daktari mara nyingi kiasi cha kuweza kusema kwamba ni bidhaa nzuri sana, lakini pia kwamba wengi wanaoilaumu huilaumu kwa sababu hawajui kinachotendeka ndani yake katika dakika zile za mwanzo.

Jina lenyewe linapotosha. Gundi ya seremala hukauka, ilhali hii haikauki bali hujengeka. Molekuli ya fibrinojeni ni kijiti chembamba chenye urefu wa nanomita 45 hivi, kilichoundwa kwa minyororo sita ya protini, chenye kituta katikati na kingine katika kila ncha. Thrombini hukata vipande vidogo vilivyofunika kituta cha katikati, na hapo hujitokeza vinundu ambavyo vinaingia barabara katika vitundu vilivyo kwenye ncha za molekuli jirani. Kwa kuwa ncha hushikamana na katikati, kila molekuli hukaa ikiwa imesogea nusu ya urefu wa mwenzake, kama fundi mwashi anavyopishanisha matofali ili ufa usipite moja kwa moja. Safu mbili za namna hiyo hufanya uzi mwembamba wa awali. Uzi huo ukishafikia urefu wa kutosha, huanza kulala ubavu kwa ubavu na wenzake, wakajisokota pamoja kuwa nyuzi nene, na nyuzi hizo zikatoa matawi hadi mtandao mzima ukakamilika. Kila mara ninapoutazama utando ule ukibadilika kutoka maji maji hadi kuwa mweupe, najua kwamba weupe huo ni nuru inayotawanywa na nyuzi hizo, na bado huwa nastaajabu.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba mtumiaji anaweza kuchagua kasi ya ujenzi huo. Thrombini yenye nguvu ya takriban uniti 500 kwa mililita hugandisha mchanganyiko ndani ya sekunde chache, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza pale ini au wengu linapovuja damu juu ya eneo pana ambalo uzi wa kushonea ungelichana zaidi. Thrombini ya uniti 4 kwa mililita huenda polepole, ikimwachia daktari nafasi ya kusogeza na kunyoosha kipande cha ngozi kilichopandikizwa kabla hakijashika. Tofauti hiyo si ya muda peke yake. Thrombini ikiwa nyingi, nyuzi huanza kwa wingi mahali pengi kwa wakati mmoja, hivyo hubaki nyembamba na mtandao wake huwa mnene wenye matundu madogo. Ikiwa chache, nyuzi hupata muda wa kunenepa na matundu huwa mapana. Kuchagua bomba, basi, ni kuchagua pia umbile la mtandao utakaobaki mwilini.

Lawama niliyoisikia zaidi ni kwamba gundi hii hubanduka. Nimeshuhudia ikibanduka, na karibu kila mara chanzo kilikuwa ama kidonda kilichoachwa kikiwa na maji mengi, ama haraka. Mtandao uliokwisha kuwa mweupe bado haujakomaa, kwa sababu vinundu na vitundu hushikana bila kufungwa kabisa. Kazi ya kufunga hufanywa na kimeng'enya kiitwacho fakta ya 13, ambacho thrombini hukiamsha kwa msaada wa kalsiamu, nacho hushona molekuli moja na nyingine kwa vifungo imara vya kikemikali. Kabla ya kushonwa huko, tishu ikivutwa, nyuzi huteleza. Katika aina niliyozoea kuitumia, kijikaratasi cha maelekezo kinataja dakika za kusubiri lakini hakielezi sababu yake, na mtu asiyejua sababu hukatisha muda huo bila wasiwasi.

Kasoro ya kweli ya kifaa chenyewe ni ncha yake. Ukisita kidogo kati ya tone na tone, vimiminika viwili vilivyobaki humo hufanya kazi yao palepale, na ncha huziba. Ncha za akiba lazima ziwe mezani tangu mwanzo. Aina inayohifadhiwa ikiwa imegandishwa kwa baridi huhitaji pia kuyeyushwa mapema, jambo linaloifanya isifae kwa dharura isiyotarajiwa.

Tahadhari mbili hazina mjadala. Gundi hii isiingizwe kamwe ndani ya mshipa wa damu, kwa kuwa itajenga mtandao uleule mahali ambapo damu inapaswa kupita. Na inaponyunyiziwa kwa gesi, shinikizo na umbali vifuatwe kama vilivyoandikwa, maana gesi ikiingia mshipani inaweza kuua.

Kwa ateri inayoruka damu kwa nguvu nisingeitegemea, kwani mkondo huisomba fibrini kabla nyuzi hazijashikana. Hapo mshipa ufungwe kwanza kwa uzi. Kwa damu inayochuruzika polepole, kwa upandikizaji wa ngozi, na kwa tishu laini zisizovumilia sindano, ningeiomba tena bila kusita, mradi chumba kizima kimekubaliana kungoja.