Muziki wa filamu ya Birdman: dramu tupu, na zinatosha

Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoinyima ni kwa sababu ya mpangilio wa albamu. Mpigaji hana kosa.

Filamu ni ya 2014, ya mwongozaji Alejandro González Iñárritu, na karibu yote imepigwa ionekane kama kamera haikusimama hata mara moja. Ndiyo maana dramu zina kazi kubwa hivi. Filamu za kawaida hupata kasi kwenye uhariri: picha zikikatwa upesi upesi, mtazamaji naye anaanza kuhema. Hapa hakuna pa kukata, kwa hiyo kasi ameachiwa Antonio Sánchez, mpiga dramu wa jazi kutoka Meksiko. Alitaka kumtungia kila mhusika mdundo wake, mwongozaji akakataa na kumtaka apige papo hapo bila kupanga. Wakaingia studio New York kabla filamu haijapigwa. Iñárritu alikaa mbele yake akiiona filamu kichwani, na kila mhusika alipofungua mlango au kukata kona, akainua mkono, naye Sánchez akageuza mdundo. Ndiyo sababu mapigo haya yanasita, yanajikwaa na kuondoka tena kama mtu anayetembea huku akijibishana na nafsi yake.

Kilichonivutia zaidi ni sauti ya seti yenyewe. Mwongozaji hakutaka sauti safi, alitaka ya seti iliyotelekezwa stoo ya ukumbi wa maigizo. Ngozi zikalegezwa, matoazi yakapangwa moja juu ya jingine. Ngozi ikilegea, sauti inashuka na kufa upesi, na tomu, ngoma ya sauti nzito kwenye seti, inatoa "bwu" badala ya "dum". Matoazi yaliyolaliana yanazibana pumzi, kwa hiyo husikii mlio mrefu unaoelea, unasikia "cha" fupi, kavu. Sikiliza pia nyaya za chini ya snea, ile ngoma bapa yenye mlio mkali: ngoma nyingine ikipigwa kwa nguvu, nazo zinatetemeka zenyewe. Kwenye rekodi nyingi mafundi huuondoa mtetemo huo. Hapa ndio unaonifanya niamini kuwa kuna mtu chumbani.

Sasa, usikilizaji. Spika ya simu inaiua albamu hii, kwa sababu sauti ya chini ya ngoma ya besi, ile iliyo chini ya Hz 100, spika ndogo hiyo haiwezi kuitoa. Utabaki na "tik" ya nyundo ya pedali. Tumia hedifoni za kufunika masikio au spika za kawaida. Spika usizibandike ukutani, kwani ukuta huongeza besi, na ngoma iliyolegezwa inageuka kuwa uji. Nusu mita kutoka ukutani inatosha.

Faili nalo lina maana. Kwenye faili lililobanwa sana, tuseme kbps 96 (kilobiti kwa sekunde), brashi juu ya snea zinasikika kama maji yanayochemka, na mwanzo wa kila pigo unafifia, kwa kuwa ubanaji wa namna hiyo huhangaika na sauti za ghafla kuliko sauti ndefu. Anzia kbps 256, au chukua FLAC, faili lisilopoteza sauti yoyote.

Kisha zima kitufe cha kusawazisha sauti kwenye programu yako, hasa kile cha "hali ya usiku". Kati ya pigo kubwa na pigo kubwa Sánchez anajaza vipigo vidogo vya snea, vya kunong'ona. Hivyo ndivyo vinavyobeba mwendo. Programu ikivipandisha vilingane na vile vikubwa, mdundo unakuwa bapa na unachosha haraka. Anza na kipande chenye kelele, "The Anxious Battle for Sanity" kwa mfano, weka sauti pale masikio yanapostahimili, halafu usiiguse tena hata vile vya taratibu vikija.

Kwa atakayeitazama filamu: ukiweza tumia hedifoni za waya. Baadhi za Bluetooth huchelewesha sauti, na hapa ucheleweshaji mdogo tu unatenganisha pigo na hatua ya mguu lililopigiwa.

Nyota iliyobaki sasa. Baada ya dramu, albamu inageukia muziki wa klasiki uliotumika kwenye filamu, wa watunzi kama Mahler, Tchaikovsky, Ravel, Rachmaninoff. Ndani ya filamu unakaa vizuri. Kwenye albamu ni kama umehamishwa nyumba usingizini. (Muziki huohuo wa klasiki ndio uliomfanya Sánchez aondolewe kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, Grammy aliipata 2016.) Mimi nimetengeneza orodha ya vipande vya dramu peke yake, kwa mpangilio uleule wa albamu, na nimezima kile kipengele cha kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata. Ukikiacha kinameza mapigo ya kwanza, na vipande vingine hapa ni vifupi mno kupoteza hata sekunde tatu.