TAHADHARI: Spea za vifaru vya modeli, nimepigwa

Wadau wa modeli wa Tanga na jirani, kaeni chonjo. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akijinadi ana spea za kufufua vifaru vya zamani vya 1/35, yaani modeli za vifaru vya vita zilizopunguzwa mara 35: vichwa (ile sehemu ya juu inayozunguka na mtutu) vya resini, plastiki ya kumimina, mitutu ya alumini, minyororo. Mimi kaondoka na shilingi 85,000 zangu. Mji wetu ndio ule wa waja leo waondoka leo. Hela yangu iliondoka, kuja haijaja.

Kifaru chenyewe ni modeli ya T-34-85, kifaru cha Kisovieti cha Vita Kuu ya Pili, niliyoachiwa na mjomba, alikuwa baharia. Ni ya zile zilizoundwa ziende kwa betri, kwa hiyo tumbo lina matundu ya swichi, na mtutu ni nusu mbili zenye mshono usioisha hata upige msasa mpaka magharibi. Minyororo ya mpira nayo ina tabia mbaya. Ikilala miaka juu ya magurudumu ya plastiki, yale mafuta yake huyala magurudumu yakawa kama peremende iliyonyonywa.

Nikasema ninunue kichwa na mtutu nimalize kazi. Picha alizotuma zilikuwa safi mno. Nilipoomba apige nyingine kichwa kikiwa juu ya rula, akasema kamera ya simu imekufa. Nami, mjinga, nikatuma hela yote.

Kifurushi nikakipokea stendi ya Kange. Kichwa kimekopiwa kutoka kazi ya mtu mwingine: unanunua kimoja halali, unakitolea kalibu ya silikoni, unamimina resini ya bei chee. Kikikopiwa namna hiyo kinasinyaa. Duara ambamo kichwa cha T-34-85 halisi hukaa lilikuwa takribani milimita 1,600. Gawa kwa 35 upate kama 46. Changu kilisoma 44, kikawa kinacheza kama mtoto ndani ya viatu vya babake, na mapovu yamekitoboa kama andazi. Mtutu wa “alumini” ni kipande cha antena ya redio kilichopakwa rangi ya kijani. Hapo nilicheka, wallahi. Kumuuliza, akaniita “kaka” mara tatu, akasema mzigo wa Ulaya ndivyo ulivyo, kisha akanifungia.

Kwa hiyo picha ya rula, na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo pembeni, idaini kabla ya hela. Na kama ameshakuuzia, ile resini usiisugue kavu. Ilowanishe na uvae barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Kifaru nimekimaliza kwa vitu vya nyumbani. Matundu nimeziba kwa kadi ya benki iliyokwisha muda na supaglu (makopo ya aisikrimu msijaribu, plastiki ile haishiki gundi). T-34 haina vigurudumu vya kubeba mnyororo kwa juu, mnyororo hulala juu ya magurudumu makubwa. Basi nimeyapaka rangi kwanza ili mpira usiguse plastiki, nikaushikisha mnyororo kwa tone mojamoja la gundi. Antena ni mabaki ya fremu ya plastiki inayoshika vipande vya modeli, yanapashwa juu ya mshumaa na kuvutwa taratibu. Vyuma vya askari kushikilia ni waya wa shaba wa feni iliyoungua, kanipa fundi wa Ngamiani. Akaniuliza kama kifaru hiki kilipigana hapa Tanga 1914, vita vya Waingereza na Wajerumani. Nikamwambia mzee, vifaru vilianza vitani 1916 huko Ufaransa, hapa walipigana nyuki, waliowashambulia askari.

Namba ya tapeli nimeshaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kuna mwenzetu wa Pangani naye kauziwa antena ileile, Jumatatu tunakwenda polisi pamoja. Aliyepigwa na huyu mtu aje inbox na risiti yake ya muamala kabla ya hapo.