TAHADHARI: Adapta ya "Sega orijino" Kariakoo, nimepigwa mchana kweupe

Wakuu, ile Mega Drive ya marehemu kaka, mashine ya zamani ya gemu ya Sega, imekufa. Imekufa Jumamosi saa mbili usiku mezani kwangu, mbele ya wanangu wawili niliowaahidi gemu ya Sonic wiki nzima. Na aliyeiua nimemlipa mwenyewe, shilingi 65,000 taslimu.

Duka ni la chini ya ngazi, adapta zimening'inia kama mishikaki. Nikamwambia jamaa nataka ya Mega Drive ya kwanza, ile kubwa. Papo hapo akajibu: "Volti 9, ampia 1.2, hasi katikati," yaani ndani ya pini ni hasi, nje ni chanya. Sasa niambieni, nani Kariakoo anakujibu hivyo? Wote niliowazungukia tangu asubuhi walisema pini ikiingia basi imekubali. Huyu alijua mpaka kwamba Mega Drive ya pili ni kinyume, chanya ndiyo inakaa katikati. Nikasema hapa nimefika.

Akatoa moja nyeusi yenye stika nyeupe, SEGA 9V. Nikamwambia apime kwa mita. Ncha nyekundu ndani ya pini, nyeusi nje, kioo cha mita kikaandika 12.1. Nikashtuka. Akacheka kwa upole, akaniwekea mkono begani: "Bosi, adapta za zamani bila mzigo zinasoma juu. Ukiwasha gemu inashuka yenyewe." Na ni kweli! Adapta za transfoma ndivyo zilivyo, nalijua hilo miaka. Yaani kanipiga kwa kitu ninachokijua. Nikaona tunaongea lugha moja, nikatoa hela bila hata kuomba apunguze. Mimi! Ninayebishana bei ya nyanya mpaka mama anachoka.

Nyumbani nikachomeka kaseti, nikawasha. Taa nyekundu kimya. Nikafanya ujinga wa pili, nikazima na kuwasha tena. Ikaja harufu ya plastiki iliyochanganyika na samaki. Mdogo akauliza, "Baba, Sonic anaungua?" Nilishindwa kumjibu.

Fundi kafungua: regyuleta za 7805, vile vipande vinavyoshusha umeme hadi volti 5, zote mbili zimekwenda, kapasita imevimba, na ubao wenyewe hajaahidi kitu. Ndipo nikabandua ile stika. Chini yake 12V 2A, chanya katikati. Adapta ya kamera za ulinzi, wakuu!

Jumatatu nikarudi. Tabasamu lile lile, ananionyesha kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi", eti umeme wa kwetu ndio mbovu. Halafu akanikaribisha soda. Soda! Mtu kama huyu kumfungia duka ni kumdekeza. Apelekwe kituoni, alipe mashine, alipe fundi, alipe na nauli zangu za daladala. Kisha akalishwe mezani aandike stika 1,000 kwa mkono, "mimi ni tapeli", azibandike moja moja kwenye kila kitu anachouza, na ya mwisho kwenye paji la uso. Sitanii hata kidogo.

Dalili zilikuwepo, nisiseme uongo. Kwanza ilikuwa nyepesi. Ya transfoma unaisikia mkononi kama kipande cha tofali, na ndiyo inayosoma juu bila mzigo. Hizi nyepesi zikisoma 12 ni 12. Halafu ncha nyekundu ikiwa ndani ya pini, adapta ya hasi katikati lazima kioo kiweke alama ya kutoa mbele ya namba. Haikuwepo. Mimi macho kwenye namba tu. Stika nayo kona moja ilikuwa imeinuka, nikaikandamiza kwa kidole changu mwenyewe, Mungu anisamehe.

Mwenye Mega Drive ya kwanza mbovu ya kutolea vipuri anitafute, nanunua. Na atakayepita pale kesho achungulie zile nyeusi kama bado zimening'inia. Nilipoondoka zilikuwa zimebaki tatu.