Wodi ya njiti iliyopokea maziwa ya shangazi

Mwezi Juni wifi yangu alijifungua kwa upasuaji akiwa na ujauzito wa wiki 31, baada ya kupata kifafa cha mimba, na mtoto akazaliwa na kilo 1.4. Mimi nilikuwa nanyonyesha mwanangu wa miezi mitano, hivyo kwa siku sita nilikuwa nikitoka Uyole kwenda katika wodi ya watoto njiti ya hospitali moja jijini Mbeya, ambayo sitaitaja kwa kuwa ninayo pia malalamiko, ili kumkamulia mtoto wa kaka yangu maziwa wakati mama yake hajapata nguvu.

Kilichonifanya niiamini huduma ile ni kwamba hawakuyapokea maziwa yangu kwa haraka. Mama yangu aliona undugu unatosha, akamuuliza muuguzi, "Huyu si damu yake?" Naye akamjibu kwa upole, "Mama, damu ya ndugu nayo hupimwa." Nilipimwa VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B, ingawa nilikuwa na kadi ya kliniki yenye majibu ya wakati wa ujauzito, kwa sababu maambukizi yanaweza kuingia baada ya kipimo cha zamani. Niliulizwa pia kuhusu dawa, pombe na sigara, kisha kaka na mkewe, alipozinduka, wakatia saini fomu ya ridhaa.

Mlo wa kwanza ulikuwa mililita 7, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu, uliotolewa kila baada ya saa mbili kupitia mrija uliopita puani. Muuguzi alilishika bomba la sindano wima bila kulisukuma, maziwa yakashuka yenyewe polepole, na muda wote huo macho yake yalikuwa kifuani kwa mtoto akiangalia anavyopumua.

Sifa kubwa zaidi naitoa kwa jinsi walivyomshughulikia wifi. Walitueleza kwamba maziwa ya mama mwenyewe ndiyo ya kwanza, yakikosekana ndipo hutafutwa maziwa salama ya mama mwingine, na ya kopo huja mwisho, kwa kuwa utumbo wa njiti ni mchanga na maziwa hayo huongeza hatari ya ugonjwa unaoweza kuuharibu vibaya. Maziwa ya aliyejifungua njiti huwa na protini nyingi kuliko yangu mimi mwenye mtoto wa miezi mitano. Kwa hiyo wifi alisaidiwa kukamua kwa mkono mara nane kwa siku, usiku ukiwemo, hata pale lilipotoka tone tu. Matone yale ya dang'a, yaani maziwa ya mwanzo ya mzazi, yalivutwa kwa bomba dogo na kudondoshewa mtoto mdomoni.

Usiku mmoja kikombe changu kilimwagwa kwa sababu sikuwa nimeandika saa ya kukamua. Niliumia sana, maana maziwa yale niliyapata kwa taabu, lakini muuguzi alikuwa sahihi.

Lisilokubalika ni mahali pa kukamulia. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, karibu na dirisha lisilofungika, katika baridi ya Juni ambayo kila mkazi wa Mbeya anaijua, nimejifunika blanketi huku natetemeka, na mwili unaotetemeka hauachii maziwa kwa urahisi. Isitoshe, mlinzi alinizuia getini mara mbili kwa kuwa haikuwa saa ya kuona wagonjwa, wakati mtoto anasubiri mlo wa saa nane mchana. Chumba kidogo chenye pazia na kiti, pamoja na kibali cha maandishi cha kuonyesha getini, vingeondoa taabu hiyo yote bila gharama kubwa.

Siku ya sita wifi alikamua mililita 20 kwa mara moja. Muuguzi wa zamu ya jioni alizipima mbele yetu, akakata jina langu kwenye chati, akaniambia, "Shangazi, sasa nenda ukamnyonyeshe wako."