Lupu za 2.5x na hadubini ya fundi simu: kipi kinamfaa anayeanza upasuaji wa plastiki?

Kila kundi jipya la maintani likiingia idarani kwetu, swali ni lile lile kuhusu miwani yangu ya kukuzia: "Dokta, hizo lupu umenunua wapi? Zinakuza mara ngapi?" Nimejibu koridoni, nimejibu kantini, nimejibu WhatsApp saa tano usiku. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Niko kwenye mafunzo ya upasuaji wa plastiki na urekebishaji hapa Dar es Salaam. Na kabla hujauliza, hapana, hatuongezi makalio. Kazi yetu kubwa ni watoto waliomwagikiwa uji wa moto, makovu yaliyoshikanisha kidevu na kifua, vidole vilivyopitiwa na panga, miguu ya ajali za bodaboda iliyobaki mfupa uko nje, na watoto waliozaliwa na mdomo wazi. Humo ndimo tunamovaa lupu, yaani ile miwani yenye vidarubini viwili vidogo mbele.

Zangu ni za aina ya Galileo, zinakuza mara 2.5, umbali wa kazi milimita 420, za kukunjua juu. Niliagiza kupitia duka moja la vifaa tiba hapa mjini kwa shilingi 280,000, na taa ya kichwani ikiwemo. Chapa siitaji kwa sababu haikusaidii kitu: mzigo mpya ukiingia, boksi linabadilika jina na kilichomo ndani ni kile kile. Zile za kupimiwa, ambazo vidarubini vimetobolewa ndani ya kioo chenyewe kulingana na uso wako, bei yake inahesabiwa kwa mamilioni. Ni nzuri mno. Lakini macho yakibadilika ukahitaji namba nyingine ya miwani, unarudi kiwandani. Kwa mtu ambaye bado anaangalia salio kabla ya kupanda bajaji, hizo zisubiri.

Sasa, wote wanauliza zinakuza mara ngapi. Swali lenyewe limekaa upande. Namba ya kwanza ya kujua ni umbali wa kazi, yaani kutoka jichoni mwako hadi pale mkono unaposhona ukiwa umesimama vizuri. Mimi ni mrefu. Ningechukua za milimita 340, ambazo ndizo zilizojaa madukani, ningekuwa nafanya kazi nimeinama kama naokota sindano, na baada ya saa tatu za kuunganisha kano shingo ingekataa kurudi juu. Mwambie mwenzako akupime kwa tepu ukiwa umesimama mbele ya meza iliyo usawa wa kiwiko. Namba ya pili ni umbali kati ya mboni na mboni. Mtu wa miwani atakupimia, wengine hata hawatozi. Hii ndiyo sababu huwezi kuazima lupu za mtu hivi hivi. Bosi wetu, ambaye sote tunamwita Mama ingawa ni bingwa na akiingia thieta kelele zote hukata, aliwahi kunivisha zake nione. Niliona duara mbili zimepishana, na katikati giza. Za kukunjua zina skrubu ya kusogeza kila upande, na kwa hilo peke yake nazipa alama.

Ukuzaji wa 2.5 unatosha kwa kazi gani? Niseme ninachokiona kila juma la orodha ya midomo. Mtoto akiwa amefikisha wiki 10, kilo nne na nusu hivi na kipimo cha wekundu wa damu gramu 10 kwa desilita, amelala usingizi wa dawa, Mama anachukua ncha ya sindano aliyoichovya kwenye wino wa bluu na kuchoma vinukta juu ya mpaka wa mdomo. Kuna ukingo mwembamba pale ngozi inapokutana na wekundu wa mdomo, umeinuka kidogo na unang'aa. Vinukta vinawekwa juu yake kabla ya kupiga ganzi, maana ganzi ikishaingia nyama inavimba na ule ukingo unapotea machoni. Kwa macho matupu unaubahatisha. Kwa lupu unauona kabisa, kama upindo wa kanga. Ukikosea milimita moja wakati wa kuunganisha, mtoto atabaki na kingazi mdomoni kinachoonekana na kila anayezungumza naye, shuleni, kanisani, harusini. Kwa kazi hiyo, na kwa kano za mkono, na kwa kuchonga kipande cha ngozi cha kugeuzia kovu, sijatamani zaidi ya 2.5. Ukienda 3.5 uwanja unakuwa mdogo na ukisogeza kichwa kidogo tu kila kitu kinatia ukungu. Anayeanza ataishia kutafuta ncha ya sindano yake badala ya kushona.

Kasoro zipo, wala si za kufumbia macho. Vishikizo vya puani ni vya plastiki ngumu; ukivua unakuwa na vishimo viwili vyekundu. Nimefunga kwa bandeji laini ya kubandika, afadhali. Uzito wote uko mbele, kwa hiyo kamba ya nyuma ikaze, usione aibu nywele zikivurugika. Pembezoni mwa duara kuna utepe wa rangi ya zambarau kwenye kitu chochote cheupe, ambao kwenye damu na nyama hausumbui, ila kwenye karatasi ya nyuzi utauona. Mvuke wa pumzi unazifunika usipobandika barakoa yako kwa plasta pale juu ya pua. Na taa! Taa yake ni ya bluu bluu, inafanya ngozi iliyo hai ionekane mfu. Katika kazi yetu rangi ya ngozi ndiyo taarifa yenyewe: kipande kikiwa cha waridi damu inafika, kikiwa cha samawati damu haitoki, kikipauka haiingii. Taa inayodanganya rangi ni hatari. Naiwasha umeme ukikatika kabla jenereta haijashika, basi. Ukipata duka linalouza lupu bila taa, punguziwa bei uchukue hivyo.

Kinachofuata ndicho kilichonifanya niandike kirefu. Lupu hizi hazikufundishi kuunganisha mishipa ya damu. Ateri ya kidole ina upana wa milimita moja tu, na uzi wake ni namba 9-0 au 10-0, mwembamba kuliko unywele, ambao ukiudondosha kwenye shuka la kijani umeaga. Pale inatakiwa hadubini. Ya thieta ipo moja, inagombaniwa, na hakuna atakayekuachia uichezee ukiwa mwanafunzi. Ndipo tukaenda Kariakoo.

Ukipita mtaa wa Aggrey utawaona mafundi simu wameinamia hadubini za macho mawili, wanachomea vichipu vidogo kuliko punje ya mtama. Ile ile. Inakuza kuanzia mara 7 hadi 45, ina mkono mrefu wa chuma, taa ya duara, na tundu la tatu juu kwa ajili ya kamera. Fundi mmoja alituonyesha kitu ambacho tangazo la muuzaji halikuwa nacho: kuna lenzi ya 0.5 ya kufunga chini. Inapunguza ukuzaji nusu lakini inainua hadubini juu, yeye apate nafasi ya kupitisha bunduki ya kuchomea, sisi tupate nafasi ya kupitisha koleo na kishika sindano. Tulichanga marezidenti, yaani madaktari tunaosomea ubingwa, ikafika kama laki nane na nusu na kamera yake. Alitufundisha bure na jambo la pili. Nilimwangalia mkono. Kiganja kizima kimelala mezani, kifundo hakitikisiki, zinafanya kazi ncha za vidole vitatu tu. Nilipomsimulia Mama alicheka, akasema hilo ndilo analotupigia kelele kila siku.

Mazoezi ni paja la kuku. Vua ngozi, tenganisha misuli kwa vidole, utakutana na neva nyeupe nene, na pembeni yake ateri na vena zimelala pamoja. Upana wake unakaribiana na wa mishipa ya kidole na ya kiganja cha mtu. Wa kienyeji ni bora kuliko wa kisasa. Wa kisasa mshipa wake unachanika ukiushika vibaya, ingawa wenzangu wanasema huo ndio uzuri wake. Nyuzi tunaomba zilizopita muda wake thieta, ambazo zingetupwa. Ukimaliza kushona, unaingiza kanula ya njano, ule mrija mwembamba wa kuwekea dripu, upande mmoja, unasukuma maji yaliyotiwa GV kwa sindano taratibu. Yakivuja, utaona zambarau inatoka wapi. Yasipovuja usishangilie bado. Chukua mkasi, upasue mshipa kwa urefu, utazame ndani. Mara nyingi utakuta uzi mmoja umeshika ukuta wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, njia imezibwa, na kwa nje ulikuwa umependeza. Mama haangalii nje kabisa. Anaomba mkasi.

Kamera ile imebadilisha mafunzo kuliko lenzi zote. Hadubini ya fundi simu haina kiti cha msaidizi wala macho ya pili, kwa hiyo zamani ungedhani mwalimu hawezi kuona unachofanya. Fundi aliwekewa kamera ili mteja aone ubao wa simu yake kwenye skrini asije akasema kaibiwa kifaa. Sisi tunaichomeka kwenye televisheni ya chumba cha mikutano, Mama anakaa na chai yake, anasema: "Sindano imeingia kiupande, itoe. Usivute, fuata mkunjo wake." Asipokuwepo tunarekodi, tunamtumia. Jibu lake linaweza kuwa neno moja: "Rudia." Kasoro za kifaa: hakuna kanyagio la mguu la kurekebisha ukali wa picha, inabidi uachie kishika sindano uzungushe kwa mkono, na picha ya kwenye skrini inachelewa kidogo, kwa hiyo shona ukitazama kwenye macho ya hadubini, skrini mwachie mwalimu. Kwa mgonjwa haitumiki hata kwa dawa. Haikutengenezwa kwa ajili ya thieta na haina namna ya kufunikwa isiambukize.

Kuna wakubwa wanaona hii ni michezo. Wasome historia ya fani yao. Harry Buncke, Mmarekani ambaye wengi humwita baba wa upasuaji wa hadubini, alifanya majaribio ya kuunganisha mishipa ya milimita moja kwenye gereji ya nyumbani kwake miaka ya 1960. Mwaka 1965, kule Nara, Japani, Komatsu na Tamai wakarudisha kidole gumba kilichokatika kabisa, kikapona. Na huku kwetu fani hii ilifika kwa mtu kumfundisha mtu: Harold Gillies, mwanzilishi wa upasuaji wa plastiki wa kisasa, akamfundisha binamu yake Archibald McIndoe, McIndoe akamfundisha Michael Wood aliyekuwa Nairobi, na mwaka 1957 McIndoe, Wood na Mmarekani Tom Rees wakaanzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni Amref. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa plastiki. Watu wengi wanaoona ndege zile zikitua hawalijui hilo.

Kwa hiyo intani anayeniuliza kuhusu lupu namjibu hivi. Ukiwa bado hujaamua, usinunue. Njia yenyewe ni ndefu: kwa upande wa COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho makao yake ni Arusha, ni miaka miwili ya uanachama halafu mitatu ya ubingwa wa plastiki, na unahitaji kuwa kwenye hospitali iliyoidhinishwa yenye bingwa wa kukusimamia. Tafuta kwanza huyo bingwa. Nenda orodha yake ya Jumamosi ukiwa umepumzika, shika ndoano ya kuvuta ngozi, nyamaza, utaona kama kazi inakupenda. Pesa ya kwanza inunue kishika sindano kizuri na mkasi wa ncha nyembamba. Hivyo utavitumia hata ukiishia kwenye mifupa au uzazi. Lupu nunua ukishaanza mafunzo, na ukishashona mkono wa mtu kwa macho yako ukajua nini hukioni.

Alama zangu: lupu hizi, saba kati ya kumi, na tano tu ukilazimishwa kuchukua na taa. Hadubini ya fundi simu, tisa, mradi mtachanga na mradi kuna mtu wa kukaa mbele ya skrini. Kama hayupo, shusha hadi nne. Mkienda Aggrey ulizeni lenzi ya 0.5 kabla hamjataja kwamba ni madaktari, bei ikipandishwa haishuki.