Diski ya bakapu kujipachika yenyewe kwenye Linux Mint: uzoefu wangu steshenari

Kwa karibu mwezi mzima nilijua nina bakapu. Kumbe nilikuwa najidanganya.

Steshenari yangu iko Ng'ong'ona, pembeni ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kazi kubwa ni kuchapa na kubaindi tafiti za wanafunzi, na flashi zao zinakuja na virusi vya kila aina, ndiyo maana mashine ya mbele niliiwekea mfumo endeshi wa Linux Mint badala ya Windows. Kila saa 2 usiku rsync, programu ya kunakili mafaili, inanakili kazi zote kwenda diski ya nje ya TB 1.

Ukiwa umeshaingia kwenye mashine, Mint haina shida: unachomeka diski, inajipachika, yaani inafunguka yenyewe kama folda chini ya /media. Ila bakapu yangu inaendeshwa na cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, mtu awepo asiwepo, kwa hiyo niliandika kwenye skripti kwamba diski ni /dev/sdb1. Hapo ndipo nilipokosea. Herufi hizo hutolewa kwa anayewahi. Mashine ikiwashwa huku flashi ya mwanafunzi imesahaulika kwenye tundu, flashi inaweza kuchukua sdb na diski yangu ikasukumwa hadi sdc. Flashi ikichomolewa, sdb1 haipo tena: upachikaji unashindwa, rsync haijali, inamwaga mafaili kwenye folda tupu ya /mnt/bakapu, yaani ndani ya diski ileile ninayotaka kuikinga! Nilishtuka siku Mint iliponiambia nafasi imeisha, na diski ya nje nikiifungua, kazi ya mwisho ni ya wiki tatu nyuma.

Nikahamia kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski ambazo mashine inazipachika yenyewe, na kutumia UUID, namba ya diski yenyewe isiyobadilika hata ukihamisha tundu. Unaipata kwa amri ya sudo blkid. Safi. Ijumaa nikaondoka na diski nyumbani, maana siiachi dukani wikiendi. Jumatatu asubuhi nawasha mashine, haiwaki. Nikabonyeza Esc nione kuna nini: inahesabu sekunde kuelekea 1min 30s, ikiisubiri diski iliyobaki kwenye begi sebuleni. Muda ulipokwisha ikaniangusha kwenye emergency mode (hali ya dharura), skrini nyeusi, na wateja wanne mlangoni.

"Kaka, imekufa?"

"Haijafa, inamsubiri mgeni ambaye hajaja."

Nilifungua fstab kwa nano, nikaweka alama ya # mbele ya mstari wa diski ile ili mashine iuruke, nikawasha upya. Neno moja tu lilikuwa limekosekana: nofail, yaani diski isipokuwepo, mashine iendelee kuwaka.

Mstari ninaoutumia sasa ni huu, UUID weka ya kwako:

UUID=xxxx /mnt/bakapu ext4 noauto,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=120,x-systemd.device-timeout=10 0 2

Automount ndiyo iliyonikosha. Diski haipachikwi mashine inapowaka, inapachikwa pale tu folda inapoguswa. Ikikaa sekunde 120 bila kazi inajiachia, na kwangu hilo ni kubwa kuliko yote: umeme ukikatika ghafla mchana, diski haiko kazini, haina cha kuharibika. Na isipokuwepo kabisa, folda inagoma kufunguka na rsync inatoa kosa, haimwagi tena mafaili pembeni.

Malalamiko ninayo. Folda ikiguswa mara ya kwanza, diski inachukua sekunde kadhaa kuamka, na ukiwa na haraka utadhani imeganda. Nililazimika pia kuifomati diski iwe ext4, sasa laptopu ya Windows ya mdogo wangu haiisomi. Na mpangilio wote huu unaandikwa kwa mkono. Programu ya Disks inakuonyesha vibonye vizuri vya kupachika, lakini maneno haya yanayoanza na x-systemd lazima uyachape mwenyewe, na ukikosea koma moja utajua hujui. Ukimaliza, piga sudo findmnt --verify kabla ya kuzima, inakamata makosa mengi ya uandishi. Kusahau nofail haikamati.

Naipa nne kwa tano. Ijumaa iliyopita diski nilikwenda nayo nyumbani tena, na Jumatatu mashine ikawaka kama kawaida, nikafungua duka saa 1 na nusu.