Njia za Milimani na Msituni: Peke Yako au na Mbwa?

Ukitembea peke yako, mwendo ni wako. Unaweza kusimama kumtazama ndege kadiri upendavyo, na wanyama hawakimbii mapema kwa harufu ya mbwa. Hatari kubwa ni moja: ukiteguka kifundo cha mguu, hakuna wa kukuinua. Mwachie mtu wa nyumbani jina la njia na saa ya kurudi, kisha usibadilishe njia hiyo.

Mbwa hubadilisha karibu kila kitu. Mwili wake hupoa hasa kwa kuhema, maana jasho humtoka kidogo tu kwenye nyayo. Jua linalokuchosha wewe linaweza kumuua yeye. Anzeni alfajiri, beba maji yake na bakuli, na uguse ardhi kwa mkono: ikikuchoma wewe, itamchoma na yeye. Mkirudi, mkague kupe masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Penye wanyamapori au mifugo, kamba isitoke mkononi. Kinyesi chake kibebe, hata kama hakuna anayekuona. Hifadhi nyingi za taifa hazimruhusu kabisa, kwa hiyo ulizia kabla ya kuondoka.

Pamoja na shughuli zote hizo, kwenye njia fupi yenye kivuli mimi namchagua mbwa bila kusita. Furaha yake huniambukiza, na hunisimamisha mahali ambapo ningepita bila kutazama. Penye miamba mikali, au safari ya kutwa juani, mwache nyumbani.